Kidonge cha Malaria na Ugonjwa wa Kutetemeka

Waliokulia Afrika Mashariki kabla ya mwaka 2000 hawajaisahau klorokwini. Kidonge kilikuwa kichungu hata mtoto alibanwa pua ndipo ameze, na baada ya uchungu ukaja mwasho: viganja, nyayo, mgongo, mtu anajikuna usiku kucha huku homa ikimtoka taratibu. Kenya iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998, Tanzania Bara ikafuata mwaka 2001, maana vimelea vilikuwa vimeshaizoea. Zanzibar ilipobadili mwongozo wake mwaka 2003 ilichagua mseto wa artesunati na amodiakwini. Amodiakwini na klorokwini ni ndugu wa karibu. Muundo wa msingi wa kemikali zao ni mmoja.

Mwaka 2015 ndugu hao wawili waliibuka mahali pasipotarajiwa, katika utafiti wa ugonjwa wa Parkinson. Watafiti walikuwa wamekusanya dawa 960 ambazo tayari zimeidhinishwa kwa matumizi ya binadamu, wakazijaribu moja baada ya nyingine juu ya protini iitwayo Nurr1, wakitafuta dawa itakayoiamsha. Tatu zikafaulu. Moja ni dawa ya maumivu iliyokwisha kuachwa kwa sababu ya madhara yake. Mbili zilizobaki ni amodiakwini na klorokwini.

Kabla mtu hajakimbilia duka la dawa, niseme mapema: hakuna daktari anayetibu Parkinson kwa dawa za malaria, na ukifika mwisho wa makala haya atakuwa bado hayupo. Lakini ugunduzi wenyewe ni wa kweli, na unatufungulia njia ya kuelewa kitu ambacho mwili wetu unakitumia kila saa, na ambacho dawa nyingi tulizozizoea zinakitegemea bila sisi kujua.

Tuanze na ugonjwa. Chini ya ubongo, kwenye ncha ya juu ya shina linalouunganisha na uti wa mgongo, kuna mistari miwili myeusi, mmoja kila upande. Ukiukata ubongo wa mtu mzima aliyefariki kwa ajali unaiona kwa macho, bila hadubini. Weusi huo ni rangi inayojikusanya polepole ndani ya seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha ubongo kuanzisha mwendo na kuulainisha. Katika ubongo wa aliyekuwa na Parkinson mistari hiyo imepauka, wakati mwingine kiasi cha kuitafuta. Seli zimekufa. Mkono unapoanza kutetemeka kwa mara ya kwanza, sehemu kubwa ya seli hizo, pengine nusu au zaidi, zimekwisha kutoweka.

Dawa kuu ni levodopa, iliyoanza kutumika miaka ya 1960. Ubongo huigeuza kuwa dopamini, na mgonjwa aliyekuwa ameganda kitini anaweza kuinuka na kutembea. Ni dawa nzuri sana. Ila inafidia kilichopungua tu. Haizuii seli zilizosalia zisiendelee kufa. Vivyo hivyo kwa Alzheimer, ugonjwa unaoongoza kati ya yale yanayowapotezea wazee kumbukumbu: vidonge vilivyozoeleka hupunguza dalili kwa muda huku ugonjwa ukiendelea na safari yake. Kwa hiyo wanasayansi wanatafuta kitu cha aina nyingine, kitakachoifanya seli ya ubongo idumu. Hapo ndipo Nurr1 na jamaa zake wanapoingia.

Jamaa hao huitwa vipokezi vya kiini. Ni protini zinazofanya kazi ndani ya kiini cha seli, juu kabisa ya jeni, na binadamu ana jeni za vipokezi 48 vya ukoo huu. Kila seli ya mwili hubeba jeni karibu zote, za ini, za ngozi, za ubongo, lakini seli ya ini husoma zake na kuziacha nyingine zimelala. Kipokezi cha kiini ni kama karani wa ghala: bidhaa zote zimo ndani, ila gunia halitoki mpaka afike mwenye hati. Hati hapa ni homoni, vitamini au mafuta fulani yatokanayo na chakula. Ikifika na kushikana na kipokezi, kipokezi hubadilika umbo, na jeni kadhaa huanza kusomwa kwa pamoja, au hunyamazishwa kwa pamoja.

Mama aliyempeleka mtoto kliniki kupata matone ya vitamini A amekwisha kukutana na kazi hii. Vitamini A, baada ya kubadilishwa kidogo na mwili, hushikana na vipokezi vya kiini ndani ya seli za macho, za ngozi ya utumbo, za kinga. Vidonge vya uzazi wa mpango hufanya kazi kupitia vipokezi vya aina hiyo. Vivyo hivyo deksamethasoni anayochomwa mjamzito anayetarajiwa kujifungua kabla ya wakati, ili mapafu ya mtoto yakomae upesi. Prednisoloni ya mgonjwa wa pumu. Na tamoksifeni, ambayo imewaongezea maisha wanawake wengi wenye saratani ya matiti kwa kukizuia kipokezi cha estrojeni. Tunazungumza, basi, juu ya eneo la tiba lililokwisha kuzaa matunda mengi. Kilichobaki kujulikana ni kama matunda hayo yatafika kwenye ubongo unaozeeka.

Ujuzi huu ulipatikana kwa hatua ndefu. Miongo kadhaa iliyopita watafiti waliichanganya homoni ya estrojeni na mionzi kidogo ili waifuatilie ilikokwenda mwilini mwa panya. Sehemu nyingi za mwili homoni ilipita tu. Kwenye mji wa mimba ilibaki, na ilipochunguzwa zaidi ikaonekana imejikusanya ndani ya kiini cha seli. Kulikuwa na kitu kinachoishika. Kati ya mwaka 1985 na 1986 jeni za vipokezi vya kwanza zikasomwa, na zilipowekwa pamoja zikafanana mno hata watu wakaanza kutafuta nyingine kwa kufuata ule mfanano. Walipata nyingi kuliko homoni walizozijua. Vipokezi visivyojulikana homoni yake vikapewa jina la yatima, na hadi leo wataalamu huviita hivyo. Nurr1, iliyotambuliwa mwaka 1992, ni mmoja wa mayatima hao.

Umuhimu wake ulionekana mwaka 1997. Panya walizalishwa bila jeni ya Nurr1. Walizaliwa, wakafa mapema, na walipochunguzwa ubongo wao ulikuwa umekosa zile seli za dopamini za ubongo wa kati. Nyingine zilikuwapo, hizo hazikuwapo. Baadaye jeni hiyo iliondolewa kwa panya waliokwisha kukua, na seli zao za dopamini zikaanza kudhoofika, jambo lililoonyesha kwamba Nurr1 haitumiki tu wakati wa kuumba ubongo. Inahitajika maisha yote. Katika ubongo wa wagonjwa wa Parkinson waliofariki, seli zilizosalia zilikutwa na Nurr1 kidogo kuliko kawaida. Na mwaka 2009 likaongezeka jambo lingine: Nurr1 pia huzituliza seli za ulinzi za ubongo, ambazo zikichachamaa humwaga kemikali zinazowaumiza majirani zao. Kwa hiyo protini moja hulinda seli za dopamini kwa njia mbili.

Shida ilikuwa namna ya kuiamsha. Vipokezi vingi vya kiini vina shimo dogo ambamo homoni hujipenyeza. Umbo la Nurr1 lilipopigwa picha kwa miale ya eksirei mwaka 2003, shimo hilo lilikutwa limejaa, limezibwa na vipande vya protini yenyewe. Wengi wakaona hapa hakuna pa kuingizia dawa. Ndiyo maana matokeo ya 2015 yalishangaza: amodiakwini na klorokwini zilionekana kuigusa Nurr1 hata hivyo na kuifanya ifanye kazi zaidi.

Watafiti waliendelea kwa panya walioharibiwa seli za dopamini upande mmoja wa ubongo kwa sumu. Panya wa namna hiyo akipewa kichangamsho hawezi kwenda moja kwa moja. Huzunguka, huzunguka, kuelekea upande mmoja, na mtafiti hukaa pembeni akihesabu mizunguko. Panya waliopewa amodiakwini walizunguka pungufu, na seli zao za dopamini zilisalimika zaidi. Baadaye maabara nyingine zilirudia kupima kemikali kadhaa zilizotangazwa kuwa zinaiamsha Nurr1. Chache tu ndizo zilizothibitika kushikana nayo moja kwa moja, na ndugu hawa wawili wa malaria walikuwa miongoni mwa hizo. Kurudia huko hakuandikwi magazetini, lakini kwangu mimi kuna uzito kuliko tangazo la kwanza.

Sasa tupunguze mwendo, kwa sababu ukoo huu wa vipokezi umekwisha kuwapa watu matumaini makubwa na kuyaangusha, tena zaidi ya mara moja.

Mwaka 2012 ilitoka habari ya beksaroteni, dawa ya aina fulani ya saratani ya ngozi, inayoamsha kipokezi kiitwacho RXR. Panya waliotengenezwa kuugua kitu kinachofanana na Alzheimer walipewa dawa hiyo, na ndani ya saa 72 zaidi ya nusu ya madoa ya protini yaliyoganda kwenye ubongo wao yalikuwa yametoweka. Saa 72! Familia za wagonjwa nchi za Magharibi zilianza kuwaomba madaktari dawa ya saratani kwa ajili ya wazee wao. Mbio za sakafuni huishia ukingoni: mwaka uliofuata maabara nne tofauti zilijaribu kurudia, na hazikuyaona madoa yakipungua. Jaribio dogo la wagonjwa 20 halikufikia lengo lake, na dawa ilipandisha mafuta kwenye damu, jambo ambalo ni hatari kwa moyo na mishipa ya watu wa umri huo.

Kisha kuna dawa za kisukari. Pioglitazoni, ambayo baadhi ya wagonjwa wa sukari hapa kwetu wanaijua, huamsha kipokezi kingine cha kiini, PPAR-gama, kinachosimamia matumizi ya mafuta na sukari na kupunguza uvimbe wa ndani. Kwa panya ilionekana kuulinda ubongo. Kumbukumbu za matibabu za Uingereza zilionyesha kwamba watumiaji wa dawa za kundi hilo walipata Parkinson kwa uchache kuliko wagonjwa wenzao wa kisukari. Yote yalielekea upande mmoja. Halafu likafanyika jaribio lenyewe: wagonjwa 210 walioanza kuugua Parkinson, wengine wakapewa dawa, wengine kidonge kisicho na dawa, bila wao wala madaktari wao kujua nani kapata nini. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Hakukuwa na tofauti. Jaribio jingine kubwa zaidi, la watu zaidi ya 3,000 waliokuwa bado wazima, lilitaka kuona kama dozi ndogo ya pioglitazoni ingechelewesha dalili za mwanzo za Alzheimer. Lilisimamishwa mwaka 2018 kwa sababu dawa haikuonyesha faida. Na pioglitazoni si maji: inaweza kujaza maji mwilini kwa mwenye moyo dhaifu, na kuidhoofisha mifupa ya wanawake.

Habari ya estrojeni ndiyo iliyouma kuliko zote. Kwa miaka mingi ilionekana kwamba wanawake waliotumia homoni baada ya kukoma hedhi walipata ugonjwa wa kusahau kwa uchache. Wanawake zaidi ya 4,500 wa Marekani wenye miaka 65 na kuendelea walipogawanywa kwa kura, nusu wakapewa estrojeni pamoja na projestini na nusu kidonge kitupu, matokeo ya mwaka 2003 yalikuwa kinyume: waliopewa homoni walipata dimensia karibu mara mbili ya wenzao. Wale waliokuwa wakitumia homoni zamani kwa hiari yao, huenda walikuwa na elimu zaidi, kipato zaidi, afya bora tangu mwanzo. Homoni ilisifiwa kwa kazi isiyoifanya.

Kwa nini hali hii inajirudia? Kipokezi cha kiini hakikai ubongoni peke yake. Hicho hicho kipo kwenye ini, moyo, mfupa na mafuta ya mwili, na dawa haina namna ya kuchagua iende wapi isipokuwa imebuniwa hivyo. Ubongo nao una kizuizi kwenye mishipa yake ya damu, kinachokataa dawa nyingi zisipite. Panya wa maabara huugua kwa wiki chache kwa sababu ya sumu au jeni iliyopandikizwa. Mzee huugua kwa miongo. Na tukikumbuka ile mistari iliyopauka, mgonjwa anapofika kwa daktari mara nyingi kilichokusudiwa kulindwa hakipo tena. Kwa maoni yangu hili la mwisho ndilo kubwa: dawa ya kulinda seli ikianza baada ya seli kufa imekuja kuzika.

Ndiyo sababu kinachofanyika sasa juu ya Nurr1 kinakwenda kwa utulivu zaidi, nami nakipenda hivyo. Wanakemia wameuchukua muundo wa amodiakwini na kuuchonga upya, ili wapate kemikali inayoingia ubongoni vizuri, inayoishika Nurr1 kwa nguvu zaidi, na isiyo na sumu ya mama yake. Majaribio kwa binadamu wenye afya yameanza, yakipima usalama tu. Kutoka hapo hadi duka la dawa ni miaka, na dawa nyingi huishia njiani.

Kuhusu sumu ya mama yake, ni vyema tuseme waziwazi. Amodiakwini kwa mgonjwa wa malaria hutumika siku tatu, na kwa siku hizo tatu ni dawa salama iliyookoa watoto wengi. Lakini miaka ya 1980 wasafiri wa Ulaya waliimeza kila wiki kama kinga, na takriban mmoja kati ya 2,000 alipoteza chembe nyeupe za damu, wengine wakaharibika ini, wengine wakafa. Ndipo ikaachwa kutumika kama kinga ya wasafiri. Parkinson si ugonjwa wa siku tatu. Dawa yake inamezwa miaka. Klorokwini ikimezwa muda mrefu inaweza kuharibu macho, na ikizidi dozi huusimamisha moyo. Machi 2020, uvumi wa Korona ulipoipandisha chati, mjini Lagos watu walilazwa kwa sumu ya klorokwini waliyojinunulia wenyewe. Tena ndugu yake, haidroksiklorokwini, ilikwisha kujaribiwa kwa wagonjwa 168 wa Alzheimer kwa miezi 18. Matokeo yaliyotoka 2001 hayakuonyesha kwamba iliuchelewesha ugonjwa. Muuza duka akikuambia kidonge cha malaria kinatibu kutetemeka, mwachie kidonge chake.

Na sisi huku, mambo haya yanatugusaje? Katikati ya miaka ya 2000 wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ilihesabiwa nyumba kwa nyumba. Katika watu zaidi ya 160,000 walipatikana wagonjwa 33 wa Parkinson. Idadi ni ndogo, kwa kuwa wengi wetu bado ni vijana, na ugonjwa huu ni wa wazee. Kilichosikitisha ni kwamba zaidi ya robo tatu ya wagonjwa hao hawakuwa wameambiwa na yeyote wanaumwa nini. Walikuwa wanatetemeka nyumbani, kati ya migomba na kahawa, wakiambiwa ni uzee, au pombe ya ujanani, au mkono wa mtu. Utafiti mwingine katika wilaya hiyohiyo ulikuta watu takriban 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana dimensia. Wazee wetu wanaongezeka kila mwaka, na magonjwa haya yataongezeka pamoja nao.

Mkulima ana la kwake la kusikia. Utupa, kile kichaka ambacho watu huponda majani yake wakanyunyizia wadudu wa maharage, na ambacho wavuvi wengine hukitia mtoni samaki waelee ingawa sheria inakataza, una kemikali za jamii ya rotenoni. Rotenoni ndiyo sumu waliyopewa panya mwaka 2000 wakapata dalili zinazofanana na Parkinson: hukata nishati ndani ya seli, na seli za dopamini ndizo zinazoshindwa mapema. Katika majimbo ya Iowa na North Carolina, Marekani, watu waliowahi kutumia rotenoni au parakwati, ile dawa ya kuua magugu, walionekana kuwa na Parkinson mara 2.5 zaidi ya wasiozitumia. Hii haina maana kwamba aliyeponda utupa mara moja ataugua, wengi hawaugui. Lakini kuvaa glavu, kuziba pua na mdomo, kutopuliza dawa kuelekea upepo, kutonawa kwenye kidimbwi kilichoingia sumu na kutotumia kopo la sumu kuchotea maji ni ulinzi wa seli unaopatikana leo, bila kungoja maabara. Kwa wavuvi wa utupa, sababu ya kuuacha imeongezeka moja.

Mama naye asidanganywe na matangazo ya virutubisho vya kutunza ubongo. Ni kweli vitamini A na D hufanya kazi kupitia vipokezi vya kiini, na ni kweli upungufu wake ni ugonjwa. Kutoka hapo hadi kusema vidonge vingi vya vitamini huzuia usahaulifu ni kuruka mto usio na daraja; majaribio hayajaonyesha hivyo. Vitamini A nyingi kupita kiasi kwa mjamzito inaweza kumlemaza mtoto tumboni, kwa sababu ileile inayoifanya iwe na faida: inaamrisha jeni. Matone ya kliniki yamepimwa. Chupa ya mtaani haikupimwa kwa ajili yako.

Kwa mwanafunzi wa kidato cha sita au wa chuo anayependa kemia au biolojia, sitaki apite hapa bila kuona nafasi yake. Dawa ya malaria imetumiwa na watu wetu kuliko watu wengine wowote duniani, na jambo jipya kuihusu liligunduliwa mbali nasi. Mwaka 2023 uchunguzi wa jeni za wagonjwa wa Parkinson wenye asili ya Afrika, wengi wao Wanigeria, ulikuta badiliko la jeni linaloongeza hatari ya ugonjwa ambalo kwa Wazungu halikuwa limeonekana, ingawa Wazungu walikuwa wamechunguzwa kwa makumi ya maelfu. Yaani maswali mengine hayawezi kujibiwa bila damu yetu kuwamo maabara, na bila mtu wetu kuwa pale akiyauliza. Dawa ya Nurr1 ikija kujaribiwa, itajaribiwa kwa nani? Ikimezwa na mtu anayetumia dawa za malaria au za VVU, itakuwaje? Hayo ni maswali ya kwetu.

Na kuna la wanaopanga bajeti. Levodopa imo kwenye orodha ya kimataifa ya dawa muhimu, lakini zahanati nyingi za vijijini haziijui, na kwa familia nyingi bei yake kwa mwezi ni mzigo mzito. Nchi isiyoweza kumfikishia mgonjwa kidonge cha miaka ya 1960 haitamfikishia cha mwaka 2035. Tukianza na hicho cha zamani, njia itakuwa imeshalimwa.

Kwa hiyo ndugu msomaji, uangalie mkono wa baba ukiwa umetulia juu ya paja lake. Ukitetemeka pale na kutulia anapochukua kikombe, kama anatembea kwa hatua fupi bila kupunga mkono mmoja, kama kufunga vifungo vya shati kumekuwa kazi ya dakika nyingi, kama sauti imeshuka na uso haucheki alivyokuwa akicheka, mpeleke hospitali yenye daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, au wa mishipa ya fahamu akipatikana. Beba pakiti za dawa zote anazomeza, pamoja na zile za kuzuia kutapika na za magonjwa ya akili, kwa maana metoklopramidi, haloperidoli na klopromazini zinaweza zenyewe kuleta kutetemeka kwa namna hiyo, na kutetemeka kwa aina hiyo mara nyingi hupungua daktari akiibadilisha dawa. Usizikatishe wewe mwenyewe. Mwachie daktari aamue.